Safari ya Irente, na Mwendo wa Watoto

Neno: Mwanzo 33: 12–14



Neno nililolitaja hapo juu nimelihubiri mara mbili katika miaka yangu ya uchungaji, na mara zote mbili nalilihubiri vibaya. Nalisimulia jinsi Esau na Yakobo walivyokutana na kukumbatiana baada ya miaka 20 ya kutengana, nikasema habari za msamaha, nikafunga Biblia. Yale maneno yafuatayo, Yakobo anapokataa kusafiri sanjari na ndugu yake, naliyapita kama mtu apitavyo nyumba isiyo na watu. Mwezi wa sita mwaka huu Mungu alinirudisha mlangoni pa nyumba ile, nikaona ya kuwa wamo watu ndani, na wengi wao ni watoto.

Ilikuwa hivi. Jumatatu ni siku ya mchungaji ya kupumzika. Lakini Jumatatu yangu mimi huliwa na mazishi, na vikao, na barua za kujibu. Mama watoto alikuwa ameniomba kwa muda wa miaka mitatu kwamba siku moja, siku moja tu, tuwachukue watoto tutembee pamoja hata ukingo wa Irente. Akaniambia, "Baba, watu hupanda ndege kutoka Ulaya waje wasimame pale waitazame nyika. Sisi tunakaa papa hapa Usambara, na watoto wako hawajapaona. Wewe mwenyewe umefika Irente mara ngapi?" Nikajibu kwamba nimefika mara nyingi. Akauliza, "Kwa miguu?" Nikanyamaza, kwa kuwa siku zote nalikwenda kwa gari, kwa ajili ya mikutano, na mikutano ikiisha nalirudi nyumbani bila kwenda ukingoni.

Basi likizo ya shule ilipoanza tukaweka siku. Watoto wetu ni wanne: kijana wa miaka 15, binti wa miaka 11, binti mwingine wa miaka 8, na kitinda mimba, mvulana wa miaka 5. Mama alichemsha mayai na viazi vitamu, akajaza chai katika chupa, akafunga mikate na ndizi kikapuni. Penye habari ya viatu tulikosana kidogo. Yeye alitaka mdogo avae viatu vyake vya kufunga. Mimi nikasema vile ni viatu vya ibada, vitaharibika kwa mawe, avae kandambili. Nikashinda. Neno hili mlishike, maana litarudi.

Kutoka mji wa Lushoto hata ukingoni ni mwendo wa kilometa 5 au 6, na mtu mzima aliyezoea vilima huumaliza kwa saa moja na nusu. Ipo barabara ya magari ipitayo Yoghoi. Lakini ziko na njia za mguu, ambazo hupanda kati ya mashamba ya mahindi na maharage na kabichi, kisha huingia chini ya miti. Watoto walichagua njia ya miti. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na baridi ya mwezi wa sita mnaijua ninyi mkaao milimani. Mikaratusi ilisimama mirefu, magome yake yakiambuka kama karatasi iliyolowa, na harufu yake ilikuwa ile ya dawa ya kifua. Mahali penye kijito miti ya asili imesalia, iliyoshikamana na kuvikwa kuvu na mizizi ya angani, na hapo watoto waliinamisha sauti zao bila kuambiwa na mtu, kama wafanyavyo wakiingia kanisani siku isiyo ya ibada.

Hapo penye kijito mdogo wetu alimwona kinyonga, wa wale wenye pembe mbili puani ambao milima hii imejaliwa kuwa nao. Dada zake walirudi nyuma kwa hofu, yeye akachuchumaa. Kinyonga yule alikuwa akivuka kijiti, anainua mguu, anaurudisha, anauinua tena, kama mzee anayejaribu kina cha maji. Mtoto akasema, "Baba, ngoja afike." Nikatazama saa yangu. Nikamwambia, "Twende, mwanangu, tutachelewa." Mpaka leo sijui tungechelewa nini. Hapakuwa na mtu aliyetungoja Irente, wala kengele iliyokuwa ilie.

Tukaendelea, na njia ilivyozidi kupanda moyo wangu ulichangamka, nikaanza kufundisha. Ndiyo maradhi yetu watumishi: tukiona watu watatu wamekusanyika, macho yetu hutafuta mimbari. Naliwaambia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, ambaye watu wake walimkataa kwa kuwa alikuwa kigego, meno ya juu yalimtangulia kuota; akaja katika milima hii akawaua nguruwe mwitu waliowaharibia Washambaa mashamba, akawagawia watu nyama, hata wakamfanya mfalme huko Vuga. Naliwaambia ya kuwa habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Naliwaambia juu ya lile ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892, na sasa limo madirishani mwa nyumba za watu katika nchi nyingi ambazo hawajui Usambara ni nini. Kijana wetu mkubwa alipenda kusikia, akaniuliza maswali, nami kila swali likanipa hotuba nyingine. Mama yao na binti wa tatu walitufuata kwa karibu. Nalikwenda mbele, mikono nyuma, nikizungumza.

Hata ilipopata saa tano tukatoka chini ya miti, tukasimama juu ya mwamba.

Nani aliyepata kufika pale asiyekumbuka? Nchi inakwisha ghafula. Mbele yako hakuna kilima kingine, ila hewa. Na chini, karibu meta elfu moja, ni Mazinde, na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama daftari la mtoto, na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na malori yake yanayotambaa kama sisimizi, na reli ile iliyofika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Ng'ambo ya hayo ni nyika ya Wamasai, inayonyooka hata macho yachoke, na upande wa kaskazini magharibi milima ya Upare imesimama rangi ya moshi. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kushika mwendo wa kufundisha, nikanyosha mkono nikaanza habari ya mkonge: jinsi Richard Hindorf alivyoagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, ikapita Hamburg, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na katika hiyo 62 yakatoka mashamba haya yote.

Mama alikuwa ameweka kikapu chini. Alipanga vikombe sita juu ya jiwe, akavimimina chai. Sisi tukachukua, huyu na huyu. Vikombe viwili vikabaki vinatoa mvuke, havina mtu.

Akauliza, "Wako wapi wengine?" Kijana akasema, "Walikuwa nyuma yetu." Akauliza, "Tangu lini?" Hapana aliyejua. Mimi niliyejua hesabu ya miche ya mkonge iliyovuka bahari zaidi ya miaka 130 iliyopita, sikujua hesabu ya watoto wangu mwenyewe katika njia ya asubuhi moja.

Mahali tuliposimama hapakuwa na uzio. Sisemi zaidi, kila mzazi atayajaza mwenyewe yaliyopita moyoni mwetu. Nalimwacha mama na wale wawili pale pale, wakiita majina, nami nikarudi mbio katika njia ya miti. Mtu wa miaka 46 akimbiapo katika mteremko si kitu cha kutazama. Nikafika penye njia panda, na mtasema nini nikiwaambia ya kuwa njia panda ile sikuiona tulipokuwa tukipanda? Aendaye akizungumza haoni njia panda. Mkono mmoja ulirudi Yoghoi, mkono wa pili ulishuka kando ya ukingo, katika vichaka. Nikasimama, sikujua niende wapi. Naliomba, wala haikuwa sala yenye maneno.

Akaja mama mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akanisalimu kwa Kishambaa, akaniangalia uso, akasema, "Baba, kama unatafuta watoto, nimesikia mtoto anaimba huko chini." Hata ahsante sikumpa sawasawa. Nikashuka, na baada ya hatua kama mia mbili nikasikia kweli: wimbo wa shule ya Jumapili, ubeti ule ule mmoja, unarudiwa na kurudiwa.

Binti yetu wa miaka 11 alikuwa amembeba ndugu yake mgongoni, akipanda taratibu, akipumzika kila baada ya mti. Kandambili moja ilikuwa mkononi mwake, ukanda umekatika. Alikuwa amejaribu kuufunga kwa jani la mgomba lililokauka, ukakatika tena. Mtoto akatembea mguu mmoja mtupu, akachomwa na mwiba. Dada akautoa mwiba kwa meno, akafunga mguu kwa kitambaa chake cha kichwani. Walipoinua macho hatukuonekana. Penye njia panda walishika mkono usio wetu, wakaenda mpaka wakaona mwanga wa ukingo mbele yao, akaogopa, akageuka. Alikuwa akiimba ili mdogo asilie.

Nikampokea mtoto. Binti akasema, wala hakulia, "Baba, nilikuita mara tatu." Nikamwambia, "Sikusikia, mwanangu." Akasema, "Najua. Ulikuwa unafundisha."

Hakulinena kwa ukali. Alilinena kama mtu atoaye habari. Katika shule ya theolojia walimu wetu walituhukumu mahubiri yetu kila juma, na wengine walikuwa na ulimi mkali. Lakini sikupata kusikia hukumu fupi na ya haki kama ile.

Tulipanda tena kwa mwendo wa mguu wenye kitambaa. Tulipofika mwambani chai ilikuwa imepoa, na ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni ukaifunika nyika yote, hata wale wawili hawakuona ila weupe. Kijana akasema, "Bahati yao mbaya." Mama yake akamtazama, akanyamaza. Basi tukaketi. Tukala mayai na viazi. Safari hii nami nalinyamaza, na watoto wakaanza kuzungumza wao, mambo ambayo sikuyajua: ya kwamba kijana wetu hataki tena kwenda shule niliyomchagulia, ya kwamba yule wa miaka 8 huogopa kupita penye nyumba fulani jioni, kwa sababu ya mbwa. Mambo mengine sitayaandika. Yapata saa nane ukungu ulipasuka, nyika ikaonekana yote kwa ghafula, na dada yao akashika kinywa chake kwa mshangao. Lakini mdogo alitazama kidogo tu, kisha akanigeukia akaniuliza, "Baba, yule kinyonga atafika lini?"

Usiku ule nyumba ilipolala naliifungua Mwanzo 33.

Tazameni, wapendwa, mambo yalivyo pale. Esau yu pamoja na watu 400, watu wa kiume, wenye nguvu, wasio na mizigo. Amemsamehe ndugu yake, amefurahi, naye asema: twende pamoja, nitatangulia mbele yako. Ni neno jema. Hakuna uovu ndani yake. Naye Yakobo anajibu ya kuwa watoto ni wachanga, na kundi lina mama wanaonyonyesha, na wakisukumwa kwa nguvu hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Kwa hiyo Esau atangulie. Yeye atafuata taratibu, kwa kadiri ya nguvu za wanyama na za watoto. Siku moja tu! Yakobo alikuwa mchungaji wa mifugo miaka mingi katika jua na baridi, alijua ya kuwa kundi haliuawi na safari ndefu, bali na siku moja ya haraka.

Tena kumbukeni ya kuwa huyu anayesema hivi ni mtu anayechechemea. Usiku uliotangulia alishindana mweleka kando ya Yaboki, uvungu wa paja lake ukategulwa. Kabla ya hapo Yakobo alikuwa mtu wa mbio: alimtangulia ndugu yake katika mbaraka, alimkimbia Esau, alimkimbia Labani. Sasa Mungu amemgusa paja, na macho yake yameona kitu kilichokuwa nyuma yake siku zote: hatua ya mtoto. Yusufu ndiye aliyekuwa mdogo katika wana wake siku zile, maana Benyamini hajazaliwa bado. Lau msafara ule ungalikwenda kwa mwendo wa wale 400, nani angalikumbuka kumtazama?

Najua watakaosema ya kuwa Yakobo alikuwa akitoa udhuru, maana hakwenda Seiri kama alivyomwambia ndugu yake, alikwenda Sukothi akajenga. Mwalimu wangu mmoja alitufundisha hivyo, na huenda alikuwa na haki. Yakobo hakuacha hila zote kwa usiku mmoja, kama sisi tusivyoacha zetu. Lakini mtu akitaka udhuru utakaopokelewa, hutafuta neno lililo kweli. Esau alilisikia neno lile, naye hakubisha, kwa sababu hata mtu mwenye jeshi anajua ya kuwa watoto hawaendi kwa mwendo wa jeshi.

Na Maandiko yana habari nyingine ya nyuma ya msafara, ambayo ni ya kutisha. Isomeni katika Kumbukumbu la Torati 25: 17–18. Waamaleki hawakuwapiga Israeli usoni, walikokuwa Musa na wazee. Waliwapiga mkiani, waliokuwa wamechoka na kubaki nyuma. Ndivyo afanyavyo adui hata leo. Hawaji kwanza kwa mchungaji na wazee wa kanisa walioketi mbele. Huanza na yule ambaye kandambili yake imekatika. Kwa hiyo sishangai Isaya 52: 12 inapotuambia ya kuwa Bwana huenda mbele ya watu wake na tena huwa mlinzi wao wa nyuma. Sisi twaipenda sana ile nusu ya kwanza.

Hata wazazi wa Bwana wetu walilionja jambo hili. Luka 2 inatuambia walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani ya kuwa mtoto yumo katika msafara. Walidhani. Hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa wakitoka katika sikukuu, katika ibada, mioyo imejaa mambo matakatifu, kila mmoja akidhani mtoto yuko na mwingine. Mara nyingi twawapoteza watoto wetu tukitoka katika jambo jema, tena tukiwa katikati ya jamaa zetu. Wao waligeuka wakarudi, wakamtafuta, na siku ya tatu wakamwona.

Nisiwaletee hapa methali ya haraka na baraka, maana mnaijua, na mimi mwenyewe naijua tangu utoto haikunisaidia kitu siku ile. Wala sisemi ya kuwa msafara usimame. Yakobo hakukataa kwenda. Alikwenda, na mifugo ikaenda, na watoto wakaenda. Wako watu katika sharika zetu ambao husema "tusiwaharakishe wanyonge" na maana yao ni kwamba wao wenyewe, walio na nguvu, hawataki kuinuka. Hao si wa Yakobo. Yakobo alikuwa akichechemea na bado akatembea.

Lakini Dk. Martin Luther alifanya nini? Alipokuwa amekwisha kuandika vitabu vikubwa, mwaka 1528 alikwenda kuzikagua sharika za Saksonia, akaona watu wa vijijini hawajui hata Sala ya Bwana, na wachungaji wao nao ni maskini wa kufundisha. Yeye mwenye elimu kubwa alirudi nyuma ya msafara. Mwaka 1529 akatoa ile Katekisimo Ndogo, kitabu ambacho mtu huweza kukiweka mfukoni, ili baba wa nyumba awafundishe wa nyumbani mwake kwa urahisi, swali moja na jibu lake. Sisi tunakikariri kitabu kile miaka mia tano baadaye, na wengine wetu hukitumia kama fimbo ya kuwakimbiza vijana wa kipaimara wasioweza kusoma sawasawa. Katika darasa langu mwaka jana wawili waliacha. Naliandika katika daftari: "wavivu". Mmoja wao, nimejua sasa, alikuwa haoni ubao.

Na sasa lazima niandike neno la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niliandike hili lote.

Usharika wetu unaezeka kanisa. Tulipatana kila nyumba itoe shilingi 50,000 za bati, na tukaweka mwezi wa mwisho. Mwezi ulipopita, baraza la wazee likakata shauri, nami nikiwa mwenyekiti wake, ya kuwa majina ya wasiomaliza yasomwe baada ya matangazo. Yakasomwa Jumapili mbili. Fedha ziliingia, nisiseme uongo. Bati zipo, zimepangwa ukumbini, na wageni huzisifu. Mimi nalikuwa mbele, mikono nyuma, nikifundisha juu ya hekalu la Sulemani. Tangu Jumapili ile ya kwanza mama mmoja mjane, wa miaka 70 na zaidi, ambaye kiti chake ni cha tatu kutoka mlangoni upande wa wanawake, hakuonekana tena. Kuna aliyeniambia, "Anaumwa miguu." Nikapokea neno lile kwa furaha, kwa kuwa lilinitosha.

Siku ya Alhamisi baada ya safari ya Irente nalikwenda kwake. Nyumba yake iko mbali, juu ya mteremko, na njia yake ni mbaya. Yeye aliipita kila Jumapili kwa miaka mingi, nami niliipita mara moja nikachoka. Alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, na lundo la mahindi mbele yake. Nikabisha hodi. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Karibu, Mchungaji. Umekuja kwa habari ya bati?"

Nikamjibu, "Hapana, mama. Nimekuja kukaa."

Akanyamaza. Kisha akaniambia, bila uchungu, ya kuwa alikuwa amekwisha kutoa 15,000, na zile nyingine alikuwa akizingoja auze maharage. Lakini jina lake liliposomwa, wajukuu wake walikuwa wameketi kwaya, wakainama. Basi akaona heri miguu iume. Nikamwomba msamaha. Sikumnukulia andiko, ingawa nalikuwa na mengi. Naye hakusema kwamba amenisamehe, wala kwamba hakunisamehe. Alisogeza mkeka kidogo, akanipa nafasi, akasukuma ungo katikati yetu.

Tukapukuchua mahindi pamoja hata jua likashuka nyuma ya miti. Yeye alimaliza magunzi mawili kwa kila moja langu, na alipoona nimebaki nyuma, aliweka mikono yake magotini, akaningoja.